Konekta za ndege za kijeshi kwenye kinasa data cha mtumbwi wa dagaa: inawezekana?

Fundi Kirumba

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na vifaa vya ndege, hasa waliowahi kushika vile vya kijeshi.

Nafanya kazi za umeme na elektroniki za boti hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Kuna kikundi cha wavuvi wa dagaa wanataka kujua walipita wapi, maji yalikuwa na kina gani na joto gani usiku waliopata mzigo na usiku waliokosa. Nimewatengenezea kisanduku chenye GPS, kipimajoto kinachoteremshwa kwa waya, na kipima kina. Hicho kipima kina kinahifadhi mwangwi wote, siyo namba ya kina peke yake, kwa hiyo data ya usiku mmoja inafika gigabaiti 2. Mitumbwi ikirudi asubuhi, kijana wangu anachomoa flashi yenye data na kuchomeka nyingine.

Shida iko kwenye hilo tundu la USB. Magamba, utelezi wa samaki, umande, mikono iliyolowa, na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa, vyote vinaishia mle ndani. Tundu linalegea, pini zinaota kutu ya kijani, faili linakatika katikati. Tena mashine ya mtumbwi ikipigwa stata, betri inashuka, kisanduku kinazima na faili la usiku kucha halifunguki.

Pale Mlango Mmoja nimenunua kwa muuza skrepa konekta za duara za rangi ya kijani cha jeshi, nzito, zinafunga kwa mzunguko mmoja tu wa mkono. Moja imeandikwa D38999/26WB35PN. Naambiwa ndizo zinazotumika kwenye ndege za kivita. Naomba kujua: hizo ndege zinatoaje data zake baada ya safari? Na nikifunga konekta hizi, tatizo langu litaisha? Nimewaahidi wavuvi kwamba giza lijalo, yaani siku zisizo na mbalamwezi, kisanduku kitakuwa tayari.

Nyakato Elektroniki

Mkuu, kwa nini uchomoe kitu? Weka Wi-Fi, kijana asimame ufukweni na simu, avute data bila kugusa kisanduku.

Fundi Kirumba

Nimeijaribu kaka. Ukiwa na mtumbwi mmoja inakwenda. Mitumbwi ikijaa ufukweni, kila kisanduku kinatoa mawimbi, watu na simu zao wamejaa, gigabaiti 2 zinachukua muda mrefu na wavuvi hawasubiri. Wakishauza wanataka kulala.

Sengerema Kwetu

Kabla ya mambo ya ufundi, hizo konekta ziangalie vizuri. Konekta za namba hiyo zipo pia kwenye ndege za abiria na mitambo ya mawasiliano, kwa hiyo kuwa nayo si kosa. Ila kama imekatwa pamoja na kipande cha kifaa chenye namba ya mali ya serikali, irudishe ulikoitoa na udai pesa yako. Na siku nyingine omba risiti.

Mzee wa Bwiru

Fundi Kirumba, swali lako nimelipenda na nitalijibu kwa urefu. Nimekuwa fundi wa umeme wa ndege mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni waya na konekta. Watu huvutiwa na rada na injini. Ndege inayokataa kuruka asubuhi, mara nyingi ukiifuatilia unakuta pini moja haikukaa.

Tuanze na namba uliyoisoma. D38999 ni familia ya konekta za duara zinazofuata kanuni ya kijeshi ya Marekani, MIL-DTL-38999. Mkwaju 26 (/26) ni plagi iliyonyooka ya mfululizo wa tatu, ule wenye nyuzi tatu zinazoanza pamoja, ndiyo maana mzunguko mmoja unatosha kufunga. B ni ukubwa wa ganda, namba 11. B35 ni mpangilio wa matundu 13 ya pini ndogo za saizi 22D. P ni pini, na kama ingekuwa soketi ungeona S. N ya mwisho ni mkao wa funguo, yaani zile mbavu za ndani zinazozuia plagi isiingie mahali pasipo pake. Kuna N, A, B, C, D na kuendelea, kwa hiyo konekta mbili zenye umbo moja unaweza kuzifunga bega kwa bega na fundi asiweze kuzibadilisha hata gizani.

Nimeiruka W makusudi. W ni rangi hiyo ya kijani, na rangi hiyo ni kadimiamu. Kadimiamu ni sumu. Inakaa kwenye figo miaka mingi. Ndege inaitumia kwa sababu inalinda aluminiamu: ganda la W linavumilia saa 500 za kunyunyiziwa ukungu wa chumvi. Wewe unafanya kazi kwenye mtumbwi wenye chakula cha watu, dagaa wanamwagwa palepale, watoto wanaokota. Nakuomba sana usiifunge hiyo kwenye mtumbwi. Usiipige msasa, usiipige tupa, usiipashe moto kwa pasi ya kuchomelea wala usiitie risasi ya kulehemu, maana moshi wake ni hatari kwa mapafu kuliko vumbi. Ukishaishika nawa mikono kabla ya kula. Hili silisemi kwa kukutisha, nimeona mafundi wakikwangua maganda hayo kwa kisu ili yang'ae.

Na kwa Ziwa Victoria huihitaji. Maji yetu ni baridi, hayana chumvi ya bahari. Herufi F ni nikeli. Kwenye ukungu wa chumvi inapewa saa 48 tu, kwa hiyo fundi wa Dar au Tanga angeikwepa, lakini hapa adui yako ni unyevu na uchafu, na nikeli inatosha. K ni chuma cha pua, nzuri sana na bei yake ni ya kuumiza.

Sasa ndege inatoaje data.

Ndege nyingi za kivita zina kitu kinaitwa katriji. Rubani anapanga safari kwenye kompyuta ya ardhini, vituo, masafa ya redio, shabaha, vyote vinaandikwa kwenye katriji. Anapanda nayo, anaisukuma kwenye nafasi yake, na akirudi anaichomoa ikiwa na yaliyorekodiwa. F-16 inafanya hivyo. Katriji za zamani zilikuwa na memori inayolindwa na betri ndogo ndani, betri ikifa na data imekwenda. Angalia jinsi inavyoingia: inateleza kwenye reli, reli ndiyo inayoilenga, na konekta iko kule ndani mwisho. Mkono wa mtu hauigusi konekta. Kwako kijana anailenga flashi kwa macho, saa kumi na moja alfajiri, mtumbwi unacheza.

Ndani ya ndege, kifaa kinachopokea katriji kinazungumza na kompyuta nyingine kupitia njia ya MIL-STD-1553. Toleo B, linalotumika mpaka leo, ni la mwaka 1978. Ni waya mbili zilizosokotwa ndani ya wavu, biti milioni 1 kwa sekunde, vituo visivyozidi 31, na njia huwa mbili ili moja ikikatwa nyingine ibaki. Kila kituo kimeungwa kwa transfoma, kwa hiyo hakuna shaba inayotoka kifaa kimoja hadi kingine moja kwa moja. Kifaa kimoja kikiungua hakivuti wenzake. Hiyo transfoma iweke akilini, nitairudia.

Biti milioni 1 zinatosha kwa amri na ramani ndogo. Kwa picha za upelelezi hazifai kabisa. Hapo ndipo NATO walipotoa STANAG 4575, kanuni ya pamoja ya nchi zao. Tatizo lao lilikuwa hili: ndege ya nchi moja inatua kwenye kiwanja cha nchi nyingine, ina picha zinazohitajika mara moja, na kituo cha ardhini hakina kebo yake wala programu yake. Wakakubaliana mlango mmoja wa kutolea data, wenye konekta moja, unaotumia Fibre Channel (njia ya kasi ya kuunga vifaa vya kuhifadhi data), pamoja na amri zilezile na mpangilio uleule wa mafaili. Ndani ya kinasa kila mtengenezaji abaki na mambo yake, ila mlango wa nje ufanane. Muundo wa picha zenyewe uko kwenye kanuni nyingine, kama STANAG 7023 na 4545.

Nadhani hili ndilo la kwako zaidi ya konekta. Leo kisanduku hicho unakijua wewe na kijana wako. Kikundi kikipata mitumbwi ya Ukerewe, au fundi wa Musoma akitaka kukusaidia, atafungua faili lako kwa nini? Andika karatasi moja: pini ipi ni nini, faili linaanza vipi, namba ziko katika kipimo gani. Ibandike ndani ya kila kifuniko.

Kuhusu faili kukatika betri ikishuka, usianze kutafuta konekta. Kwenye ndege kukatika kwa umeme kunatarajiwa. Kanuni ya umeme wa ndege, MIL-STD-704, inaruhusu mkatiko wa milisekunde 50 chanzo kimoja kikipokezana na kingine, na kifaa kinatakiwa kivumilie. Weka dayodi, nyuma yake weka kapasita kubwa au betri ndogo ya kisanduku peke yake, stata ikivuta isifike kwenye kinasa. Kisha badilisha namna ya kuandika. Vinasa vya majaribio ya ndege vinafuata kanuni inayoitwa IRIG 106, sura ya 10 (mpangilio wa pakiti sasa uko sura ya 11), na hiyo unaipata bure mtandaoni, isome. Data haiandikwi kama mstari mmoja mrefu. Inakatwa pakiti. Kila pakiti ina kichwa cha baiti 24 kinachoanza na alama ileile, EB25 kwa heksadesimali, kina urefu wa pakiti, hesabu ya kuhakiki, na saa ya biti 48 inayokwenda kwa megahezi 10. Umeme ukikatika, unapoteza pakiti ya mwisho. Programu ya kusoma ikikuta uchafu inatafuta alama inayofuata na kuendelea. Wewe huhitaji saa ya megahezi 10 kujua dagaa wako wapi, lakini alama, urefu na hesabu ya kuhakiki viweke. Na kila baada ya dakika chache funga faili, fungua jingine.

Turudi kwenye konekta yako. Wengi wanadhani ya kijeshi maana yake inachomekwa na kuchomolewa milele. Mfululizo wa tatu wa 38999 umepangiwa kufunguliwa na kufungwa mara 500. USB ya kawaida ya umbo la A imepangiwa 1500. Ndiyo, umesoma sawa. Tofauti ni kwamba ile ya kijeshi katika mara hizo 500 inaendelea kushika huku ikitikiswa na kuloa, na USB inahesabiwa mezani, pakavu. Mtumbwi ukitoka karibu kila usiku wa giza, na kijana akichomoa kila asubuhi, 500 hazitachukua miaka mingi. Kwenye maabara za majaribio tunafunga kipande kifupi katikati, upande huu plagi upande huu soketi, kinaachwa kwenye kifaa na ndicho kinachochakaa. Kikiisha unakitupa, konekta ya kifaa inabaki mpya. Ukitumia konekta ya aina yoyote, fanya hivyo.

Ushauri wangu basi: memori isitoke. Ifunge ndani ya kisanduku, izibe, na itoe data kwa kebo. Kebo hiyo iwe ya Ethaneti, usitumie USB. Ethaneti ya shaba ina transfoma pande zote mbili, ileile habari ya 1553. Betri ya mtumbwi, mashine inayonguruma na laptopu iliyochomekwa kwenye jenereta vinakuwa havijaungwa pamoja kwa shaba. USB haina kinga hiyo, na bandari za laptopu zinakufa kwa njia hiyo. Megabiti 100 kwa sekunde inahitaji jozi mbili tu za waya, na gigabaiti zako 2 zitatoka kwa dakika kama 3.

Kwa jozi mbili, konekta ya viwandani ya M12 yenye ufunguo wa D inatosha, na ni rahisi kuliko 38999. Hakikisha imeandikwa IP67, yaani haipitishi vumbi wala maji hata ikizama kwa muda mfupi, na ujue IP67 hiyo ni pale ilipofungwa. Ikiachwa wazi haizuii kitu, kwa hiyo kila tundu liwe na kifuniko chenye mnyororo.

Ukiamua 38999 kwa sababu unaitaka idumu, sawa, lakini fanya kwa utaratibu wake. Pini hazichomelewi kwa risasi ya kulehemu. Risasi hiyo inapanda ndani ya waya, waya unakuwa mgumu hapo, na mtikisiko unaukata. Zinabanwa kwa koleo la M22520/2-01, lile linalobana pande nne na halifunguki mpaka limemaliza. Bei ya koleo inazidi bei ya konekta, kwa hiyo omba fundi wa ndege pale uwanjani akubanie, ni kazi ya muda mfupi. Pini ya saizi 22D ina mistari mitatu ya rangi, chungwa, bluu, nyeusi. Isome kama unavyosoma rezista: 3, 6, 0. Soketi yake ni chungwa, njano, kijivu, 348.

Waya za gari za PVC nene sahau. Mpira wa nyuma wa konekta unaziba waya wa unene wa milimita 0.76 hadi 1.37, ukipima pamoja na plastiki ya waya. Nene zaidi inachana mpira, nyembamba zaidi inaacha njia ya maji. Na matundu utakayobaki nayo, maana una 13 na unatumia 4, usiyaache tupu. Kila moja weka pini yake na kizibo cha plastiki nyuma. Maji ya ziwa hayachagui tundu lenye waya. Ukifunga, tazama mstari mwekundu kwenye upande wa kisanduku. Ukiuona, haijafika mwisho.

Nyakato Elektroniki

Mzee shikamoo. Hii ya transfoma ya Ethaneti imenifungua macho, nina wateja wa kamera za boti wanaunguza bandari na sikuwahi kuelewa umeme unapitia wapi. Swali dogo: kebo ikiwa na wavu, wavu si unaunga tena shaba pande zote?

Mzee wa Bwiru

Marahaba. Umeona vizuri. Kwa kebo fupi ya kupakulia, wavu uunge upande wa kisanduku tu, kwa duara nzima kwenye ganda la konekta, usiusokote ukawa mkia mrefu. Upande wa laptopu uache usiguse kitu. Kwenye ndege tunaunga pande zote mbili kwa sababu mwili wa ndege wenyewe ni chuma kimoja. Mtumbwi wa mbao na laptopu ya ufukweni havina mwili mmoja.

Fundi Kirumba

Mzee shikamoo, na asante sana. Zile za kijani nimeziweka kwenye mfuko na kuufunga, hazirudi kwenye meza ya kazi. Nimeamua M12 na Ethaneti kwa mitumbwi yote, na 38999 ya nikeli kwa boti moja kubwa la mbao linalokwenda visiwani, kwa sababu lile linapigwa sana na mawimbi na mwenyewe yuko tayari kulipia.

Kwa hilo boti nina maswali mawili. Nataka konekta ileile ya data ibebe pia volti 12 za kuchajia betri ya kisanduku nikiwa ufukweni. Na kisanduku kiwe na pini au soketi?

Mzee wa Bwiru

Upande wenye umeme ukiwa umeachwa wazi ndio unaopewa soketi, kwa sababu soketi imezama ndani ya plastiki na kidole au maji hayaigusi kirahisi. Kebo yako ya chaja inatoka kwenye chanzo, ndiyo yenye volti 12 ikilala mchangani, kwa hiyo kebo iwe na soketi na kisanduku kiwe na pini. Agiza D38999/26FB35SN kwa kebo na D38999/24FB35PN kwa kisanduku. Hiyo 24 inafungwa kwa nati moja kubwa, utatoboa tundu moja la duara na kuweka mpira wake. Halafu weka dayodi ndani ya kisanduku, ili betri yake isirudishe umeme kwenye zile pini zikiwa wazi.

Lakini chaja na data kwenye konekta moja mimi nisingeweka. Pini ya 22D imepangiwa ampea 5, na ukichaji betri iliyolala kabisa utakuwa unaikaribia, ukiwa umepitisha umeme huo milimita chache kutoka kwenye jozi za data. Weka konekta ya pili. Data iwe N, chaja iwe A. Kijana akikosea gizani haitaingia.

Na upige picha ya kila konekta kabla hujafunga kifuniko, upande wa waya, rangi zikionekana. Mwezi ukianza kupungua niandikie kwa ujumbe wa ndani, nitakuja Kirumba tuipime pamoja kabla boti halijatoka.